Tamasha la Bure Lisizungushiwe Uzio: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Viwanja vya Umma Mijini

Kwa Waheshimiwa Mameya, Madiwani, na Wakuu wa Idara za Bustani, Barabara, Utamaduni na Usalama.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa heshima nikiwa fundi ambaye kwa miaka mingi amefunga na kufungua majukwaa katika viwanja vya wazi, akabeba vipaza sauti na nyaya, na akasimama nyuma ya meza ya mitambo akiwatazama watu zaidi ya alivyolitazama jukwaa. Sina cheo katika sanaa hizi. Ninachokifahamu ni namna watu wanavyofika, wanavyosimama na wanavyoondoka, na kwa ajili hiyo nathubutu kusema nanyi juu ya jambo ninaloliona likikua mwaka hadi mwaka. Tamasha la sanaa za maonyesho linatangazwa kuwa la bure, linafanyika katika uwanja wa umma, lakini uwanja wenyewe umezungushiwa uzio wa mabati, lango ni moja, mtu anatakiwa awe amejiandikisha mtandaoni siku kadhaa kabla na avishwe utepe mkononi, na eneo lote la mbele ya jukwaa limejaa viti vyenye vitambaa vyeupe vikiwasubiri wageni rasmi. Kiingilio hakuna, ni kweli, lakini aliyekuwa anapita tu hawezi kuingia.

Ombi langu ni kwamba uzio huo uondolewe, na kwamba fedha na nguvu kazi zinazotumika kuulinda zielekezwe kwenye mambo ambayo tamasha la wazi linayahitaji kweli. Naomba mnivumilie nieleze sababu zangu, kwa kuwa jambo hili linaonekana dogo kwenye makabrasha ya bajeti, ilhali kwetu sisi tunaofanya kazi uwanjani ndilo linaloamua tamasha liwe la nani.

Mtu anayekwenda ukumbini ameshaamua. Ameangalia ratiba, amekata tiketi, amepanga nani abaki na watoto, na anajua ataketi wapi na kwa muda gani. Hadhira ya namna hiyo naiheshimu. Hata hivyo, katika kila jiji wapo watu wengi ambao hawajawahi kukanyaga ukumbi wa maonyesho hata siku moja: wengine bei inawashinda, wengine saa za kazi haziwaruhusu, na wengine, ambao nadhani ni wengi kuliko tunavyokiri, wanachelea kuaibika kwa kutojua taratibu za mahali hapo. Watu hawa ukiwabandikia tangazo hawalisomi, na ukiwataka wajiandikishe hawajiandikishi. Wanafikiwa kwa kukutwa pale wanapopita, jioni wakitoka kazini na mzigo begani, wakapata sababu ya kusimama.

Nakumbuka mzee mmoja aliyekuwa akisukuma mkokoteni wa vyuma chakavu, akasimama pembezoni mwa kundi lililokuwa likitazama igizo lisilo na maneno. Alisimama huku mikono ingali imeshika mpini, kama mtu aliye tayari kuondoka wakati wowote. Baada ya dakika tano hivi aliuachia mkokoteni. Baada ya dakika ishirini alikuwa ameketi kwenye ukingo wa njia, na igizo lilipokwisha alibaki palepale akimuuliza kijana aliyekaa naye kama yule aliyeigiza mama alikuwa mwanamke au mwanamume. Walibishana kwa muda mrefu, nami nikachelewesha kuzima taa ya upande ule ili wasikatizwe. Hakuna fomu ambayo ingemfikisha mzee huyo pale, na kama kungekuwa na uzio, mlinzi angemwonyesha njia ya kuzungukia.

Wasanii wa viwanjani wanalijua jambo hili kiufundi. Mcheza sarakasi au mfanya mazingaombwe anayefanya kazi mahali pa wazi huanza bila hadhira, na kazi yake ya kwanza ni kuijenga. Hutafuta mahali ambapo njia mbili zinakutana, akachora duara kwa chaki au akalizungusha kwa kamba, akafanya jambo dogo la kuvuta macho, kisha akawaomba waliofika mwanzo wasogee na wakae chini ili walio nyuma waone. Lile tendo lake kubwa halifanyi mpaka duara limeshonana vya kutosha. Ukingo wa duara hilo hauna mlango: aliyechoka anaondoka, anayefika anaijaza nafasi yake, na msanii anaisoma hukumu hiyo papo hapo usoni mwa watu. Katika uwanja wa Jemaa el-Fna, jijini Marrakech, duara la namna hii huitwa halka, na kwa vizazi vingi limekuwa makazi ya wasimulizi wa hadithi, wanamuziki na wanasarakasi. Mwandishi Juan Goytisolo, aliyeishi katika jiji hilo, alikuwa miongoni mwa waliopaza sauti uwanja ule ulindwe, na mwaka 2001 UNESCO iliutangaza kuwa miongoni mwa urithi mkuu wa binadamu ulio wa mapokeo simulizi na usioshikika. Angalieni kilichotambuliwa: ni mkusanyiko wa watu, unaofanyika upya kila jioni na kutawanyika kila usiku. Mkusanyiko wa aina hiyo huwezi kuuhifadhi kwa kuufungia.

Najua hoja mtakayonijibu, kwa sababu nimeisikia mara nyingi: uwanja unachakaa, nyasi zinakanyagwa, na lazima kuwe na namna ya kudhibiti na kurudisha gharama. Hoja hiyo ina umri mkubwa. Katikati ya miaka ya 1950, mwongozaji wa maigizo Joseph Papp alianza kuonyesha tamthilia za Shakespeare bila kiingilio jijini New York, na mwaka 1957 akawa anazizungusha mitaani kwa jukwaa lililofungwa juu ya lori, hadi zikapata makao katika bustani ya Central Park. Mwaka 1959 kamishna wa bustani za jiji, Robert Moses, ambaye alikuwa miongoni mwa watu wenye nguvu kubwa kabisa katika serikali ya jiji hilo, alimtaka atoze kiingilio, akieleza kwamba watazamaji wanaharibu nyasi na kwamba gharama za kuzirudishia lazima zipatikane. Papp alikataa, akaenda mahakamani, na katika rufaa majaji wakaona kwamba sharti lile halikuwa na msingi. Kiangazi kilekile maonyesho yakafanyika bila kiingilio. Mwaka 1962 ukafunguliwa ndani ya bustani hiyo ukumbi wa wazi wa Delacorte, wenye viti vipatavyo 1,800, na tamthilia zimeendelea kuonyeshwa humo bure kwa miongo mingi.

Sitaki niupake rangi mfano huo. Viti 1,800 ni vichache kwa jiji kubwa kama lile, na watu hupanga foleni ndefu kupata tiketi za bure, jambo linalomaanisha kwamba anayeweza kusubiri ndiye anayeingia, na si kila mtu ana saa za kusubiri. Kwa hiyo hata tiketi isiyo na bei bado ina bei yake. Lakini katika ule ugomvi wa nyasi mimi namwelewa Papp. Nyasi zilizokanyagwa huota tena zikipumzishwa na kumwagiliwa, na wakuu wa bustani mnalijua hilo vizuri kuliko mimi. Kinachotakiwa ni kuzungusha maeneo, kutoa muda wa mapumziko kati ya tamasha na tamasha, na kuiweka gharama hiyo wazi katika bajeti tangu mwanzo.

Hapa nafika kwenye fedha, na ningependa nikae hapa kidogo. Neno bure lina sura mbili. Mtazamaji halipi, lakini jukwaa, sauti, taa, jenereta, huduma ya kwanza, vyoo vya muda, usafi, bima na usafiri vyote vinalipiwa, na malipo ya msanii yanatakiwa yawe ya kwanza katika orodha hiyo, ingawa kwa kawaida ndiyo yanayoandikwa mwisho na kukatwa mwanzo. Nimefanya kazi katika tamasha ambalo kampuni ya mahema ililipwa kabla ya siku ya kwanza, kampuni ya ulinzi ikalipwa siku hiyohiyo, na wacheza ngoma waliojaza uwanja kwa siku mbili wakaambiwa kwamba wamepata nafasi ya kujulikana. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Jiji linalowaalika wasanii wake wenyewe kwenye uwanja wake lenyewe, halafu likawarudisha nyumbani na nauli tu, limeufanya msemo huo uwe uongo.

Kwa sababu hiyo naomba msitumie mifano ya nje kwa haraka. Mtaambiwa kuhusu Edinburgh, ambako mwaka 1947 vikundi 8 vya maigizo visivyoalikwa kwenye tamasha rasmi vilijipeleka vyenyewe, na pakazaliwa tamasha la pembeni ambalo leo ni kubwa kuliko lile rasmi. Ni habari ya kutia moyo, lakini ijazeni: kwa sehemu kubwa wasanii wanaokwenda huko hujigharimia wenyewe, na hatari ya hasara ni yao. Mtaambiwa pia kuhusu siku ya muziki ya Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 1982 chini ya Waziri Jack Lang, ambapo kila tarehe 21 Juni mtu yeyote, awe hodari au mwanafunzi, hutoka barabarani na ala yake akapiga bila kulipwa na bila kutoza, na ambayo sasa huadhimishwa katika nchi zaidi ya 100. Hiyo ni sikukuu ya raia, nami naipenda mno. Haipaswi kugeuzwa kisingizio cha kutomlipa mtu ambaye sanaa ndiyo ajira yake. Mfano ulio karibu zaidi na ninachokiomba ni wa Bogotá, ambako tamasha la Rock al Parque, lililoanza mwaka 1995, huandaliwa na jiji lenyewe na watu huingia bure. Kulipia tamasha kumehesabiwa kuwa kazi ya serikali ya mji kama ilivyo kutunza maktaba.

Wadhamini wanakaribishwa, na jina la mdhamini likitajwa kwa shukrani hakuna anayedhurika. Bango lake lisizibe jukwaa, na kipaza sauti chake kisiingilie kati ya igizo na igizo, kwa maana ukimya mfupi unaofuata onyesho ni sehemu ya onyesho.

Suala la usalama ni zito, wala sitalipuuza. Penye wengi pana mengi, na ninyi ndio mtakaoulizwa likitokea la kutokea. Lakini naomba tutofautishe kudhibiti umati na kuufungia. Tarehe 24 Julai 2010, jijini Duisburg nchini Ujerumani, tamasha la bure la muziki la Love Parade, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa limefanyika kwenye barabara za wazi za Berlin, liliwekwa ndani ya eneo lililozungushiwa uzio la kituo cha zamani cha treni za mizigo, na watu wakawa wanaingia na kutoka kupitia mahandaki yanayokutana kwenye mteremko mmoja. Watu 21 walikufa kwa kubanwa hapo, na mamia wakaumia. Walikosa pa kutokea. Kila ninapoona lango moja likiwekwa mbele ya maelfu ya watu, na nyuma yake uzio mrefu usio na mlango wa dharura, nauwaza mteremko ule, na sielewi namna gani mpangilio huo unaweza kuitwa tahadhari.

Linganisheni na London, Mei 2006, wakati kampuni ya Kifaransa ya Royal de Luxe ilipoleta tembo wa mbao na chuma mwenye urefu wa ghorofa kadhaa, akatembezwa katikati ya jiji kwa siku nne. Hapakuwa na tiketi wala viti. Barabara zilifungwa na mabasi yakabadilishiwa njia, na inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni 1 walitoka kumtazama. Maandalizi yalichukua miaka ya majadiliano kati ya waandaaji na mamlaka mbalimbali, na naamini kwamba majadiliano hayo ndiyo yaliyokuwa ulinzi wenyewe: njia za kutokea ziliwazwa mapema, na watu waliachiwa nafasi ya kutembea. Kwa uzoefu wangu mdogo, umati unaoweza kutawanyika pande zote hausukumani sana, kwa sababu asiyeona vizuri huhama.

Kuhusu vibali nitasema kifupi, ingawa uchungu wake si mfupi. Kwa onyesho moja la saa moja na nusu niliwahi kuzunguka ofisi tano, kila moja ikitaka kwanza saini ya nyingine, na kibali kikatoka siku moja kabla ya onyesho, wakati vikundi viwili vilikuwa vimeshakata tamaa na kuondoka. Hakuna mtu mbaya niliyekutana naye katika ofisi hizo. Kila mmoja alikuwa analinda sehemu yake. Dawati moja lenye afisa mmoja, orodha moja ya masharti iliyobandikwa hadharani, na ahadi ya jibu ndani ya siku zinazojulikana, vingeondoa karibu tatizo lote. Na kibali kisiwe chombo cha kunyamazisha. Jijini Cairo, kuanzia Aprili 2011, wasanii walikuwa wakikutana kila mwezi katika Uwanja wa Abdeen kwa tamasha la bure lililoitwa Al-Fan Midan, yaani sanaa ni uwanja, lenye muziki, mashairi na maigizo. Mwaka 2014 lilikoma baada ya kunyimwa ruhusa. Uwanja haukuchakaa wala watazamaji hawakuchoka. Karatasi tu ndiyo iliyokosekana.

Fedha zitakazookolewa kwenye mabati na walinzi zina pa kwenda. Jiji la Montréal lilifungua mwaka 2009 uwanja uliosanifiwa tangu mwanzo kwa ajili ya matamasha, wenye minara ya taa na chemchemi ambazo maji yake yakizimwa hubaki sakafu tambarare ya watu kukusanyika. Sisemi kila jiji lijenge hivyo. Nasema kwamba soketi za umeme salama zikiwekwa chini ya vifuniko katika viwanja vitatu au vinne, pamoja na bomba la maji na sehemu tambarare isiyotuama maji, zitatuondolea jenereta zinazounguruma katikati ya shairi na kumwaga mafuta kwenye hizohizo nyasi tunazozililia. Panahitajika jukwaa dogo lililoinuliwa kwa ajili ya wanaotumia viti vya magurudumu, maana kila mtu akisimama wao huona migongo tu. Panahitajika mkalimani wa lugha ya alama aliyeangaziwa taa yake mwenyewe. Pawepo kivuli na maji ya kunywa. Vyoo viwe karibu na viwe na taa, kwa sababu wanawake wengi huondoka mapema kwa jambo hilo moja, na tukidhani wamechoka na onyesho tunajidanganya.

Majirani wa uwanja nao ni wananchi, na usingizi wao ni haki yao. Waambiwe tarehe mapema, saa ya kumaliza iheshimiwe kwa dakika, na vipaza sauti vielekezwe mbali na madirisha, jambo ambalo fundi yeyote makini anaweza kulifanya akiombwa. Nimeona lawama nyingi zikipotea pale tu mkazi alipopewa namba ya simu inayopokelewa.

Tena naomba sanaa hizi zisibakie kwenye kile kiwanja kimoja kizuri kilicho mbele ya majengo ya serikali. Lori la Joseph Papp lilikuwa na maana kwa sababu lilikwenda. Jijini Accra, tamasha la Chale Wote, lililoanza mwaka 2011, lilipeleka maonyesho katika barabara za James Town, mtaa mkongwe wa wavuvi. Na jijini Cape Town, tangu mwaka 2008, tamasha la Infecting the City limekuwa likiwakuta watu katika viwanja na njia wanazopita kila siku. Kila jiji lina stendi, ngazi pana, kona ya soko na uwanja wa shule unaokaa mtupu jioni. Mahali hapo pana wapita njia wengi kuliko kwenye uwanja wa heshima, na pana watoto ambao hawajawahi kumwona mtu akitembea juu ya kamba.

Kwa msimu ujao naomba tuanze na siku moja. Chagueni tamasha mojawapo ambalo tayari limo katika ratiba, na kwa siku hiyo msiweke uzio, msigawe tepe, na msipange viti vya wageni rasmi. Ninyi wenyewe njooni kwa miguu, bila msafara, msimame ukingoni mwa duara mnapofika, na muondoke mnapotaka kuondoka. Sehemu ile ya mbele, chini, waachiwe watoto. Mimi nitakuwa kwenye meza ya sauti, upande wa kushoto wa jukwaa, na nitashukuru kuwaonyesha mahali ambapo wapita njia husimama kwanza.

Wenu kwa heshima,

Fundi wa majukwaa na sauti